Safu ya Ndugu

Kiwanda chetu cha sabuni hakijawahi kununua bunduki hata moja. Hakina haja nayo. Kina magari, magari yana madereva, na kila dereva hutoka na udhuru wake mfukoni kabla hajawasha injini.

La kwanza lilikuwa trekta. Mimi nilikuwa mtoto. Baba yangu alikuwa mpishi wa sabuni kwenye yale matangi ya moto, na wafanyakazi walikuwa wamegoma kwa sababu mwenzao alitumbukia tangini akafa, na mchana uleule wakaamriwa waendelee kukoroga. Walisimama barabarani nje ya lango. Trekta likatoka ndani likivuta tela tupu, likawapitia. Baba alivunjika nyonga, na hadi anaingia kaburini alitembea ameinamia upande mmoja. Aliyekuwa kwenye usukani ni mjomba wangu, kaka yake mama, tumbo moja. Alikuja kitandani kwa baba, akamshika miguu, akalia machozi ya kweli. "Shemeji, ningejua upo, ningesimama. Haki ya Mungu, ningesimama." Baba akamsamehe, na mtaa mzima ukasema mjomba ana roho nzuri. Haukupita muda kiwanda kikampa usimamizi wa magari yote. Hadi leo akija nyumbani, mama humpangusia kiti kwa ncha ya nguo yake mwenyewe.

La pili lilikuwa boza la maji. Wakati huo na mimi nilikuwa nimeshaajiriwa, napanga miche ya sabuni kwenye maboksi. Tulipogoma, boza lilirudi nyuma taratibu, utadhani linatafuta pa kuegesha, likawabana watu ukutani. Dereva akasema kioo chake cha pembeni kilikuwa na vumbi. Kioo kile nilikiona kwa macho yangu siku ileile, na ungeweza kusimama mbele yake ukachana nywele. Lakini nani aliniuliza mimi?

Baada ya boza, wazee wa mgomo walikaa wakatafuta dawa. Na dawa yenyewe waliichota wapi? Kwenye machozi ya mjomba. Walisema, ikiwa dereva angesimama kama angejua shemeji yake yupo, basi tatizo ni kwamba dereva hawaoni watu wake. Tumrahisishie kuona. Ikawekwa sheria, na sisi tuliifuata kama dini: siku ya mgomo, mwenye dereva kwao anakaa mbele. Mke wa dereva, dada wa dereva, kaka wa dereva, wote mbele kabisa, chini, wametazama lango, nyuso wazi, hakuna kofia wala mtandio wa kufunika paji la uso. Tuliiita safu ya ndugu. Wengine walikaa nyuma yetu na kupumua kwa amani.

Safari hii tuligoma kwa ajili ya glavu. Wakubwa walikuwa wamekata glavu kwenye idara ya kufungasha, wakasema sabuni ikifika kwetu imeshapoa, haina madhara. Waje waishike wao. Mche ambao haujakauka vizuri bado una magadi, na magadi yanakula ngozi katikati ya vidole mpaka unashindwa kushika kijiko. Tulilalamika, tukaambiwa tujipake mafuta. Basi tukatoka nje, tukakaa langoni.

Nilikaa mbele kwa sababu ya Dogo. Dogo ni mdogo wangu wa pekee, jina hilo limemganda ingawa siku hizi anainama kupita mlangoni kwangu. Nilimbeba mgongoni, nikampangusa makamasi, nikampigania shuleni. Ndiye dereva wa lori kubwa la kiwanda, kazi aliyotafutiwa na mjomba. Madereva hawakugoma. Wao glavu wanazo.

Pembeni yangu alikuja kukaa Redio. Tulianza kazi siku moja, meza moja, yeye upande ule na mimi upande huu, na tulimwita Redio kwa sababu alikuwa akifunguliwa asubuhi hazimwi mpaka kengele ya kutoka. Mumewe ni fundi viatu. Kwao hakuna dereva hata wa mkokoteni, kwa hiyo mahali pake palikuwa nyuma. Nilimwambia hivyo.

"Nyuma nikafanye nini?" alisema, akijisukumia nafasi kwa kiuno. "Nyuma hakuna anayenisikiliza. Tena mjini hapa nani asiyejua kwamba Dogo ni mdogo wako? Ubavuni kwako ndipo penye usalama kuliko kitandani kwangu. Sogea."

"Mwenzangu, sheria."

"Basi leo na mimi ni dada yake Dogo. Kanizaa nani, kanizaa nani, hayo tutayamaliza jioni. Sogea!"

Nikasogea, huku nacheka.

Lori lilitoka jua likiwa juu. Mbele lilikuwa limechomelewa vyuma vinene vipya, vimepakwa rangi nyeusi ambayo bado inanuka. Wenyewe waliita kinga ya ng'ombe. Hapa mjini ng'ombe tunawaona buchani wakiwa wananing'inia, lakini sawa, kinga ya ng'ombe. Nilimwona Dogo kwenye usukani, na yeye akaniona. Hili nalisema bila kutafuna maneno: macho yetu yalikutana. Nikatulia. Redio alikuwa ananisimulia jinsi mama mkwe wake alivyoficha sukari chini ya kitanda akavamiwa na sisimizi, na mimi nilikuwa namsikiliza yeye kuliko lori.

Lori halikusimama. Nilisikia gia ikishuka na injini ikinguruma, mngurumo ule wa gari linalojikusanya kupanda kilima, na pale langoni hakuna kilima. Kisha pua yake ikageuka kidogo. Upepo wa moto ulinipiga usoni, gurudumu likapita ubavuni kwangu, na hadithi ya sukari ikakatika.

Redio alifia njiani, nyuma ya pikapu ya muuza mkaa, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu. Hakusema neno. Yeye, wa kuondoka bila kusema neno!

Jioni ile kiwanda kilitangaza kwamba breki zilifeli. Mara machozi, mara vumbi, mara breki. Hata udhuru nao hutolewa toleo jipya.

Siku ya mazishi mumewe fundi viatu alinivuta pembeni. Hakuwa na hasira na mimi, na hilo ndilo lililonimaliza. Alitaka tu kuelewa. "Shemeji," aliniuliza, "mke wangu alikaa mbele kwa nini? Kwetu hakuna dereva."

"Alikuja kukaa na mimi," nilimwambia. "Alisema ndipo penye usalama."

Akatikisa kichwa taratibu, akarudi kushika koleo.

Siku iliyofuata mama aliniita nyumbani mchana. Nilipoingia tu nikajua nimeitiwa nini. Mjomba alikuwa kwenye kiti chake kilichopanguswa. Dogo kwenye mkeka, mgongo ukutani, hajanyoa. Na kwenye kochi, akiwa ameukumbatia mkoba wake mapajani utadhani sebule yetu ina wezi, alikaa wakili wa kiwanda, mtu wa viatu visivyojua matope. Mama alikuwa amempa kikombe kizuri, kile ambacho sisi watoto wake hatujawahi kukinywea.

"Pole na msiba," wakili aliniambia.

"Msiba upi?" nilimjibu. "Wa kwangu au wa kwenu?"

"We!" mama alinikemea. "Mgeni huyo."

Mjomba akajikohoza. Mjomba hawezi kuongea bila kwanza kujikohoza, ndivyo wanavyofundishwa wasimamizi. "Mwanangu, hatukukuita kugombana. Kesho polisi wanachukua maelezo. Wewe ulikuwa mbele kabisa, na wewe ni dada yake. Neno lako litakuwa na uzito kuliko la hao wengine wote. Wao watasemwa ni wagomaji, wana chuki na kiwanda."

"Na mimi nimegoma pia, mjomba."

"Lakini ni ndugu," wakili alidakia kwa sauti laini. "Hakuna anayekuomba useme uongo. Unasema tu kwamba ulisikia breki zikilia. Na kwamba dereva alipiga kelele watu watoke. Basi. Inakuwa ajali, na ajali haina mwenyewe."

"Sikusikia breki. Nilisikia gia."

"Kelele zilikuwa nyingi..."

"Masikio ni yangu au yako, baba?"

Mama alipiga magoti mbele yangu. Mama yangu mzazi, na magoti yale mabovu. "Mwanangu, nakuomba. Mtoto akikunyea kiganjani, kiganja hukikati. Tutasafisha. Tutakwenda kwa yule fundi viatu, tutalia naye, tutamwomba radhi."

"Mama, huyu hajanya. Huyu ameua."

Akainuka, nikaona kofi lake linakuja na nikaliacha lije. Lilitua shavuni na kunitia nguvu. Nikamgeukia mjomba, maana hasira yangu haikuwa ya mama.

"Mjomba, breki ni za lori. Trekta lako lenyewe lilikuwa na ugonjwa gani?"

Mjomba aliweka kikombe chake cha chai chini. "Hayo yalikwisha. Baba yako alinisamehe kwa kinywa chake. Wewe nani uyafukue?"

"Mimi ni mtoto wa aliyetembea upande mmoja hadi kaburini."

"Sikumwona! Ningemwona ningesimama! Mara ngapi niliseme?"

"Jamani, jamani," wakili alisema.

Hapo ndipo Dogo alipopasuka. Muda wote alikuwa anachokonoa mkeka kwa kidole. Akainuka, na kichwa chake kikakaribia kugusa taa.

"Mnaongea kama vile mimi ni jambazi! Dada, wewe ndiye unaniumiza kuliko wote. Wewe! Hivi unafikiri kwa nini uko hai? Nilikuona, dada. Niliambiwa nisisimame, nisithubutu kusimama, lakini nilikuona na moyo ukanishtuka, nikasema dada yangu simgusi, hata wanifukuze kazi. Nikakata usukani. Ningeweza kunyoosha, nikakata! Nikaenda upande wa yule mwingine. Na leo unasema mimi muuaji? Mimi niliyekuokoa?"

Mama alianza kulia kwa furaha. Naapa, furaha. Alipiga magoti tena, akaikumbatia miguu ya Dogo. "Unaona?" aliniambia. "Unaona ndugu yako anavyokupenda? Na wewe unataka kumfunga!" Mjomba naye akatikisa kichwa juu chini kama mtu aliyeshinda kesi. Ndani ya chumba kile hakuna aliyesikia alichosema Dogo, isipokuwa mimi na mtu mmoja.

Wakili alisimama. Rangi ya uso wake ilikuwa imebadilika. "Hilo," alisema akimtazama Dogo, "halikusemwa. Hapa hatukulisikia. Umenielewa, kijana? Breki. Ni breki tu." Akaaga haraka na kusahau kumalizia chai kwenye kikombe kizuri.

Nilibaki nimesimama. Yule mwingine. Yule mwingine alikuwa na jina, alikuwa na mume, alikuwa na hadithi ya sukari aliyoifikisha nusu. Na mara, baada ya miaka yote ile, nikasikia vizuri maneno ya mjomba kitandani kwa baba. Ningejua upo, ningesimama. Kumbe alikuwa anatuambia waziwazi, analia huku anatuambia: wengine wote niliwaona, na kwa ajili yao sikuona sababu ya kusimama. Sisi tukayachukua maneno yale, tukayafanya sheria, tukapanga watu wetu kwa safu ili dereva apate urahisi wa kuchagua.

"Dogo," nilimwuliza, na sauti yangu niliishusha kabisa, kama nilivyokuwa nikimbembeleza alale, "yule mwingine ulimwona pia?"

"Si nimekwambia niliona? Sina upofu mimi."

"Ulimjua ni nani?"

Akasita. "Nilijua ni yule rafiki yako. Yule wa maneno mengi." Kisha, akiona uso wangu, akaongeza, "Ningefanyaje, dada? Ilibidi niende upande mmoja."

"Ungesimama."

"Kazi je?"

Hakusema kwa ukatili. Ndiyo maana nilimchukia pale pale, mtoto niliyembeba mgongoni, nilimchukia mpaka mate yakawa machungu mdomoni, na nilikuwa bado nampenda, na mambo hayo mawili hayakuwa yanapigana. Yalikaa pamoja yakinitazama.

Mama alinifuata mpaka mlangoni. Alikuwa ameacha kulia. "Nisikilize vizuri," alisema. "Ukienda kusema hayo kwa polisi, hapa si kwenu. Nikifa usije. Nimezaa watoto wawili, sitakubali mmoja amle mwenzake."

"Mama, na yule aliyezaliwa na mwanamke mwingine?"

"Huyo hakuzaliwa na mimi," alisema mama, na akafunga mlango.

Kesho yake nilifika polisi na nguo nilizolala nazo. Ofisi ya mpelelezi ilikuwa chumba kidogo chenye feni inayopiga kelele bila kuleta upepo. Walikuwa wameshafika: Dogo kwenye benchi, amenyolewa, amevalishwa shati jeupe ambalo bado lina mikunjo ya dukani, mjomba pembeni yake, wakili kwenye kiti cha mbele, mkoba mapajani. Walinitazama nilivyoingia. Dogo akanitabasamia. Ndiyo, alinitabasamia, tabasamu lile la utotoni la kuomba nimtetee.

Mpelelezi alikuwa mtu mzima aliyechoka, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alishasikia habari za breki, ilionekana usoni, na alitaka kumaliza kabla ya chakula.

"Mama, wewe ni dada wa dereva?"

"Ndiyo."

"Ulikuwa safu ya mbele?"

"Katikati kabisa."

"Tunaelezwa kwamba breki zilifeli, gari likamshinda dereva, likaenda lilikotaka. Wewe ulisikia breki?"

Wakili alikuwa ananitazama mdomoni. Mjomba akajikohoza.

"Afande," nilisema, "hebu nitazame. Nina mikono miwili, miguu miwili. Nilikaa mbele ya lori lile, katikati, na nimekuja hapa kwa miguu yangu. Kama gari lingemshinda, leo ungekuwa unaongea na nani?"

Mpelelezi akainua macho.

"Lilikuwa mikononi mwake," niliendelea. "Alishusha gia. Aliniona, akanitambua, akakata usukani kunikwepa mimi, akaenda kwa mwenzangu niliyepakana naye bega kwa bega, na yeye pia alimwona na alimjua. Ameniambia mwenyewe jana, nyumbani kwa mama yetu. Na hawa wawili walikuwepo. Muulize pia ni nani alimwambia asisimame. Lori lile halikujituma lenyewe."

"Huu ni uchungu wa msiba," wakili alisema upesi. "Shahidi huyu ni mgomaji, ana..."

"Dada!" Dogo alikuwa amesimama. Mjomba alimvuta shati, likatoka kwenye suruali, hakujali. Machozi yalikuwa yanamtiririka na alinyoosha mkono kwangu, mkono mkubwa uliokuwa zamani unashika nguo yangu sokoni asipotee. "Dada, unanifanyia nini? Nilikuokoa! Mbele ya Mungu, si nilikuokoa?"

"Kaa chini!" wakili alimfokea. "Nyamaza!"

Lakini neno lilikuwa limeshatoka. Feni ilipiga kelele. Mpelelezi alivua miwani yake, akamtazama Dogo, akamtazama wakili, kisha akanigeukia mimi.

"Amesema kweli?" aliniuliza. "Alikuokoa?"

"Kweli kabisa," nilisema. "Aliniokoa. Andika na hilo."

Akavaa miwani, akaandika.